Kutengeneza saketi nyumbani: wino wa fedha au bodi ya shaba?

Kabla ya kununua chochote, chukua kalamu uandike mambo mawili kuhusu saketi unayotaka kuitengeneza: mkondo mkubwa kuliko yote utakaopita katika njia zake ni wa miliampea ngapi, na vipande vyake utaviunganisha kwa risasi ya kulehemu au kwa namna nyingine. Majibu ya maswali hayo mawili yanatosha kukuonyesha kama kazi yako inafaa kuchapwa kwa wino unaopitisha umeme, au inadai bodi ya shaba iliyochorwa na kuliwa na dawa kama mafundi walivyozoea. Wengi huanza na printa, kwa sababu jambo lenyewe linavutia, kisha hugundua baadaye kwamba walichokuwa wanakihitaji ni pasi na beseni.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kifaa cha kupima unyevu wa udongo katika shamba la zabibu na kuwasha pampu ndogo pale udongo unapokauka. Dodoma mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki mizabibu huishi kwa kumwagiliwa, kwa hiyo kifaa cha namna hii si mchezo wa maabara. Kina sehemu mbili, nazo zinatofautiana sana: kihisi kinachofukiwa udongoni, ambacho karibu hakipitishi mkondo wowote, na bodi ya kuendesha rilei ya pampu, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili ili kuiwasha pampu.

Tofauti ya njia hizi mbili iko katika kile kinachochapwa. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Austria aliyekuwa Uingereza, alitengeneza redio yenye saketi ya kuchapwa mwaka 1936, na tangu hapo jina la “saketi iliyochapwa” limebaki. Lakini katika njia hiyo kinachochapwa juu ya shaba ni kinga tu. Dawa hula shaba isiyofunikwa, na iliyofunikwa ndiyo inayobaki kuwa njia za umeme. Katika njia mpya, kinachochapwa ndicho kinachopitisha umeme. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Georgia Tech na Microsoft walionyesha kwamba printa ya kawaida ya nyumbani, ya aina inayorusha matone ya wino, inaweza kuchapa saketi kwenye karatasi ya picha kwa wino wenye chembe ndogo mno za fedha, bila kuhitaji tanuri. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 961 za Selsiasi, lakini chembe zenye ukubwa wa nanomita chache hushikamana kwa joto dogo sana, na kemikali zilizo katika utando wa karatasi ya picha huzisaidia kushikamana katika joto la kawaida la chumba.

Hesabu ya miraba

Fedha hupitisha umeme vizuri kidogo kuliko shaba, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Tabaka la shaba katika bodi ya kawaida lina unene wa mikromita 35, ilhali tabaka la wino wa fedha lililochapwa mara moja halifiki hata mikromita moja, tena si fedha tupu bali ni chembe zilizogusana. Kwa sababu hiyo ukinzani wake, yaani jinsi linavyouzuia umeme, ambao hupimwa kwa omu, ni mkubwa mara mamia.

Namna rahisi ya kukadiria ukinzani ni kuhesabu miraba. Gawanya urefu wa njia kwa upana wake, nawe utapata idadi ya miraba iliyojipanga kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia hiyo. Njia ya urefu wa milimita 50 na upana wa milimita 1 ina miraba 50, na njia ya urefu uleule yenye upana wa milimita 5 ina miraba 10. Kila mraba wa shaba ya mikromita 35 una ukinzani wa takriban nusu ya miliomu. Kila mraba wa wino wa fedha uliochapwa vizuri kwenye karatasi ya picha una kama robo ya omu. Rangi za kaboni zinazopakwa kwa brashi ziko mbali zaidi, kwa kuwa mraba mmoja unaweza kuwa na omu makumi kadhaa.

Sasa tuitazame rilei ya volti 5, ambayo koili yake huwa na ukinzani wa karibu omu 70 na hutumia kama miliampea 70. Kwa kawaida rilei ya namna hiyo huhitaji kupata angalau asilimia 75 ya volti zake ili ivute, yaani volti 3.75. Ukiifikishia umeme kwa njia mbili za shaba zenye miraba 50 kila moja, moja ya kwenda na moja ya kurudi, utaongeza omu 0.05 tu, ambazo rilei haitazihisi. Ukitumia wino wa fedha utaongeza omu 25, nayo koili itabaki na volti 3.7 hivi. Rilei hiyo haitavuta, au itavuta leo asubuhi na kukataa mchana, na hiyo ni hitilafu mbaya kuliko kutofanya kazi kabisa, kwa sababu utaitafuta kila mahali isipokuwa mahali ilipo.

Kihisi kina hesabu nyingine kabisa. Kinapimwa kwa kukichaji kupitia rezista ya omu 1,000,000 na kuhesabu muda kinaochukua kujaa, hivyo omu 12 au hata 100 za njia za wino hazina uzito wowote. Kwa hiyo uamuzi wangu ni kwamba kihisi kichapwe na bodi ya rilei itengenezwe kwa shaba. Kama una pesa za njia moja tu, chagua shaba, kwa maana shaba inaweza kufanya kazi zote mbili.

Bodi ya shaba kwa pasi

Mahitaji ni bodi tupu yenye shaba upande mmoja, karatasi laini ya jarida inayong'aa, pasi, msasa laini au waya wa kusugulia masufuria, spiriti, kalamu ya wino usiofutika, feriki kloridi (ndiyo dawa inayokula shaba), beseni la plastiki, glavu na drili ndogo yenye keekee za milimita 0.8 na 1. Bodi na dawa huuzwa Kariakoo na hutumwa Dodoma kwa basi kama kifurushi kingine chochote. Rezista, dayodi na transista unaweza kuzipata kwa mafundi redio, ambao wengi wana ndoo nzima ya bodi mbovu za kunyofoa.

Chora saketi yako katika programu ya KiCad, ambayo ni ya bure. Fanya njia ziwe na upana wa milimita 1 au zaidi, na nafasi kati ya njia na njia isipungue milimita 0.5; watu huchora njia nyembamba kama za viwandani, kisha hulaumu pasi. Hifadhi mchoro kama PDF na uhakikishe unachapwa kwa ukubwa wake kamili wa asilimia 100, kwa sababu chaguo la “kutosheleza ukurasa” hupunguza mchoro kidogo tu, kiasi ambacho macho hayakitambui ila miguu ya kifaa chenye miguu minane inakitambua.

Suala la kugeuza mchoro linahitaji utulivu. Karatasi itapinduliwa kifudifudi juu ya shaba, kwa hiyo kila kitu kitageuka kama kwenye kioo. Ikiwa njia zako ziko upande wa chini wa bodi, kama ilivyo kwa vifaa vya miguu mirefu, programu inakuonyesha upande huo kana kwamba unautazama kutoka juu kupitia bodi. Chapa ulivyo, usigeuze. Ikiwa njia ziko upande wa juu, geuza. Mimi huandika neno moja katika kila bodi, hata kama ni “MAJI” tu, na kanuni yangu ni kwamba neno hilo lazima lisomeke kinyume kwenye karatasi ili lisomeke sawa kwenye shaba. Kanuni hiyo niliipata baada ya kukamilisha bodi nzuri sana ambayo kila kifaa chake kilipaswa kukunjiwa miguu kuelekea mgongoni.

Chapisho lazima litoke kwenye printa ya leza au mashine ya fotokopi, kwani unga wake ni aina ya plastiki inayoyeyuka kwa joto. Wino wa maji hautahama hata ukipiga pasi hadi jioni. Steshenari nyingi karibu na vyuo na maofisi zina mashine hizo, ingawa mwenye duka huenda akasita kuona karatasi ya jarida ikiingizwa kwenye mashine yake. Kata karatasi iwe na ukubwa kamili wa A4, kingo zake ziwe zimenyooka, isiwe na pini wala mikunjo, na umwombe aweke weusi wa juu kabisa.

Sugua shaba hadi ing'ae kwa rangi ya waridi, kisha ifute kwa spiriti na usiiguse tena kwa vidole. Hapa hali ya hewa yetu inahusika: katika miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma huleta vumbi jembamba linalotua juu ya kila kitu, na chembe moja ya vumbi chini ya karatasi huacha shimo katika njia. Funga madirisha, na upige pasi mara tu baada ya kufuta. Weka pasi kwenye joto la pamba, bila mvuke, kandamiza kwa sekunde 30 bila kuisogeza ili karatasi ishike, kisha zungusha ncha ya pasi polepole kila mahali kwa dakika tatu hadi tano, ukikazania kingo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, pasi ya mkaa inafaa vizuri sana, kwa kuwa ni nzito na hushika joto. Kinachotakiwa ni kupuliza majivu nje kwanza na kupima joto kwa tone la maji, ambalo linapaswa kulia na kutoweka papo hapo.

Iache bodi ipoe kidogo, uizamishe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi na tano, kisha uisugue karatasi kwa kidole gumba hadi itoke ikiwa vipande laini kama uji. Usiibandue kwa kuivuta. Nyuzi nyeupe zilizonasa juu ya unga mweusi hazina madhara, lakini zile zilizo kati ya njia mbili huzuia dawa kufika kwenye shaba, hivyo ziondoe kwa kijiti cha meno. Mahali ambapo unga haukuhama pafunike kwa kalamu ya wino usiofutika.

Feriki kloridi ikiwa ya unga huchanganywa kwa kuutia unga ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe si maji ndani ya unga, kwa kuwa mchanganyiko huo hupata joto kali. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Tumia chombo cha plastiki au kioo tu, kwani dawa hii hula sufuria ya aluminiamu kwa kasi kuliko inavyokula shaba. Vaa glavu na nguo usiyoipenda, maana doa lake la rangi ya kutu halitoki. Fanya kazi barazani penye hewa. Beseni la dawa liwekwe ndani ya beseni kubwa lenye maji ya moto ili dawa ifike nyuzi 40 hivi, na ulitikise polepole. Mwanzoni shaba itageuka kuwa na rangi ya ukungu wa waridi, kisha itaanza kutoweka kuanzia kingoni kuelekea katikati. Dawa ikiwa mpya kazi yote huchukua dakika kumi na tano hadi thelathini. Itoe bodi mara shaba ya mwisho inapoondoka, kwa sababu ukichelewa dawa itaanza kula njia kutoka ubavuni, chini ya kinga.

Suuza kwa maji mengi. Maji ya visima vingi huku kwetu yana chumvi, na yakikauka juu ya bodi huacha ukoko mweupe, hivyo suuza mara ya mwisho kwa maji safi ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri: nataka maji ya kuongezea betri, si asidi yake. Ondoa unga mweusi kwa asetoni, ambayo ndiyo kiini cha dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha, toboa matundu ukiwa umevaa barakoa kwa ajili ya vumbi la nyuzi za kioo, kisha unganisha vifaa kwa risasi.

Dawa iliyotumika haimwagwi chooni wala shambani. Ni kweli kwamba wakulima wa zabibu hupulizia dawa za shaba kuzuia ukungu, lakini hufanya hivyo kwa kipimo, nayo chupa moja ya dawa iliyoshiba shaba haina kipimo chochote. Unaweza kuitumia tena na tena hadi ipunguze kasi. Ikichoka, itilie magadi kidogo kidogo hadi iache kutoa povu, iache itulie hadi tope litue chini, kisha changanya tope hilo na saruji na uliache ligande kabla ya kulitupa. Wakati wote iwe katika chupa iliyoandikwa waziwazi na kufungiwa mbali na watoto, na isiwe chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Kihisi cha wino wa fedha

Wino wa fedha hauuzwi steshenari; utauagiza nje ya nchi, na bei yake ndiyo sababu kubwa ya kutoutumia ovyo. Ukiwa na kihisi kimoja tu cha kutengeneza, nunua kalamu yenye wino huo badala ya chupa, uchore kwa rula. Printa ina maana pale unapotaka vihisi kumi au ishirini vinavyofanana.

Chagua printa ambayo kichwa chake husukuma wino kwa mtetemo, kama zilivyo za Epson na Brother, na si ile inayouchemsha wino ili urukie karatasi. Iwe printa ya kazi hiyo peke yake, na katriji ziwe tupu ambazo hazijawahi kutiwa wino wa rangi. Jaza kwa bomba la sindano polepole, bila kuingiza hewa. Adui mkubwa hapa ni ukavu wetu wa Juni hadi Oktoba: wino hukauka katika matundu ya kichwa, na fedha ikishashikamana humo haisafishiki kwa urahisi. Chapa kazi yote siku moja, na kama printa itakaa bila kazi, toa katriji na usafishe kichwa kwa kimiminika kinachopendekezwa na mtengenezaji wa wino.

Karatasi ya kawaida ya A4 haifai kabisa, kwa kuwa nyuzi zake hunywa wino na kuzitenganisha chembe. Tumia karatasi ya picha inayong'aa, chagua ubora wa juu kabisa wa picha, na uchape njia zote kwa weusi kamili. Hapa mchoro haugeuzwi, kwa sababu hakuna kinachopinduliwa. Umbo la kihisi ni vitana viwili vilivyoelekezana, meno ya kimoja yakiingia kati ya meno ya kingine bila kugusana. Meno ya upana wa milimita 1 yenye nafasi ya milimita 1 yanatosha, na kila kitana kiwe na mkia mpana wa kuunganishia waya. Baada ya dakika chache pima kwa mita: mkia hadi ncha ya jino lolote la kitana chake usome omu chache au makumi machache, na kitana hadi kitana kusiwe na mawasiliano yoyote. Ukiacha karatasi saa kadhaa ukinzani hushuka zaidi.

Usijaribu kulehemu juu yake. Risasi ya kawaida huyeyuka karibu nyuzi 183, joto ambalo utando wa karatasi hauwezi kulistahimili, na tabaka lile jembamba la fedha huyeyukia ndani ya risasi na kutoweka mbele ya macho yako. Funga waya kwa gundi au utepe unaopitisha umeme, au bana mkia kwa kibanio cha chuma. Usikunje karatasi, kwani mkunjo mmoja mkali hukata njia zote kwa pamoja.

Kisha peleka vihisi vyako vikafunikwe plastiki, kama vyeti vinavyofanyiwa lamineti. Waambie waache sentimita moja ya plastiki tupu kila upande wa karatasi, kwa maana maji huingilia kingoni, na mkia utokeze kupitia upande mmoja tu, ambao utaupaka vanishi na kuuacha juu ya ardhi. Plastiki haiharibu kipimo. Kihisi hakihitaji kuugusa udongo, bali kinahisi jinsi maji yanavyobadilisha uwezo wa udongo kushika chaji, na kwa jambo hilo maji yana nguvu kama mara 80 ya hewa, ilhali udongo mkavu una mara chache tu.

Unganisha kihisi na Arduino, yaani bodi ndogo ya kompyuta itakayokisoma kihisi na kuamuru rilei, kwa waya mfupi uwezavyo, usiozidi nusu mita, la sivyo utakuwa unapima waya badala ya udongo. Chukua ndoo ya udongo wa shamba lenyewe uliokaushwa juani siku mbili, zamisha kihisi hadi mstari uliouchora kwa kalamu, na uandike namba inayosomeka. Mwagia maji hadi yaanze kuchuruzika chini, subiri nusu saa, uandike namba ya pili. Weka kikomo cha kuwashia pampu karibu na ile ya kwanza na kikomo cha kuizimia karibu na ya pili, vikiwa na nafasi ya kutosha kati yake, ili rilei isiwe inabofya kila dakika udongo unapokuwa katikati.